Utando wa seramiki kwenye gari jeusi: maji hayajikusanyi tena baada ya miezi minane. Je, umekwisha?

Mvuka Pantoni

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wenye uzoefu, kwa kuwa nimeshawauliza watu watatu na kila mmoja amenipa jibu lake.

Nina Toyota Harrier nyeusi iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Miezi minane iliyopita niliipeleka ikapigwa polishi na kupakwa utando wa seramiki, na aliyeifanya kazi hiyo aliniambia kwamba utando ungedumu miaka mitano, kwamba rangi isingekwaruzika tena, na kwamba kazi yangu ingekuwa kumwagia maji tu. Miezi mitatu ya mwanzo nilifurahi kwa kweli. Mvua ikinyesha, maji yalikuwa yakijikusanya juu ya boneti kama yanavyofanya juu ya jani la mgimbi, na nikishika mwendo, matone yalikuwa yakikimbia yenyewe kuelekea kwenye kioo cha mbele.

Sasa hali imebadilika. Maji yanatandaa na kukaa, hasa kwenye boneti na paa. Kuna madoa meupe ya duara, mengine madogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ambayo hayatoki hata yakisuguliwa kwa sabuni. Kwenye paa kuna alama mbili zilizoachwa na kinyesi cha kunguru, na ukipitisha ukucha juu yake unahisi ukingo.

Mazingira yangu ni haya. Ninaishi Kigamboni na siku nyingi za wiki navuka kwa pantoni, gari likiwa limesimama wazi kwenye upepo wa bahari. Nyumbani tunatumia maji ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kijana anayetusaidia huliosha gari kila Jumamosi mnamo saa nne asubuhi, kwa sabuni ya unga, ndoo moja na sponji moja, kisha tunaliacha likauke lenyewe juani. Upande wa pili wa ukuta jirani yangu ana karakana ya kuchomelea mageti. Sina banda la gari. Naegesha chini ya mwembe au uwanjani.

Nilipomrudia yule aliyenipakia, alisema kijana ameua utando kwa sabuni na kwamba sina budi kupaka upya kwa bei ile ile. Wa pili akaniambia nitumie siki. Wa tatu akacheka tu. Je, utando umekwisha kweli? Na kama haujaisha, niutunzeje katika mazingira kama haya?

Fundi Mng'ao

Mkuu, usilipe chochote kwanza. Kwa maelezo uliyotoa, inaelekea utando wako umefunikwa kuliko kufa, na kati ya hali hizo mbili kuna fedha nyingi.

Utando huu hupakwa ukiwa kimiminika chenye viambata vya silikoni, ambavyo vikikutana na unyevu wa hewani hugeuka kuwa tabaka gumu, jamaa wa kioo, linaloshikamana na klia, yaani lile tabaka la juu la rangi lisilo na rangi. Unene wake ni maikroni moja au chache tu, wakati klia yenyewe kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50, na unywele wa mtu unakaribia 70. Kwa hiyo hadithi ya gari lisilokwaruzika tuiweke kando. Ile 9H inayoandikwa kwenye chupa inatokana na kipimo cha penseli: maana yake ni kwamba penseli ngumu kuliko zote katika kipimo hicho haikuacha mkwaruzo. Ni penseli, mkuu. Mchanga wa Mjimwema ulionaswa ndani ya sponji ni habari nyingine.

Kazi halisi ya utando ni kuufanya uso wa gari usishikane na maji wala uchafu, ili usafi upatikane bila kusugua. Lakini maji yako sasa hayagusani na utando. Yanagusana na kile kilicholala juu yake. Ukoko wa kwenye birika ni chokaa na magnesi, na ukoko huo huo ndio unaoachwa kwenye boneti kila Jumamosi. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: gari lenye utando, likiachwa likauke lenyewe, hupata madoa yanayoonekana zaidi kuliko gari lisilo nao. Kwenye rangi ya kawaida maji hutandaa na kuacha ukungu mwepesi unaofanana kila mahali, ilhali kwenye utando maji hujikunyata kuwa tone, na madini yote ya tone lile hubaki kwenye duara moja dogo. Ongeza mabaki ya sabuni ya unga, ambayo ni alkali na ilitengenezwa kwa ajili ya nguo, ongeza chumvi ya pantoni, na ongeza cheche za jirani yako, ambazo ni chembe za chuma zinazotua zikiwa za moto na baadaye kushika kutu hapo hapo zilipotua. Miezi mitano ya mambo hayo inatosha kabisa kuficha utando ulio hai.

Fanya jaribio dogo kabla ya kuamua lolote. Subiri jioni au alfajiri, gari likiwa kivulini na bati likiwa la baridi ukiliwekea kiganja. Chagua sehemu ya boneti yenye ukubwa wa sahani mbili. Ioshe kwa shampuu ya gari yenye pH inayokaribia 7, yaani isiyo asidi wala alkali, na isiyochanganywa na nta, na uisuuze. Kisha chukua siki nyeupe ya jikoni, ichanganye na maji ya mvua au ya chupa kwa kiasi sawa, lowesha kitambaa laini na ukilaze juu ya madoa kwa dakika moja bila kusugua. Suuza kwa maji mengi na uoshe tena kwa shampuu. Siki ni asidi hafifu na huyeyusha chokaa, kwa hiyo mtu wako wa pili hakukosea, isipokuwa siki isiachwe ikauke kwenye rangi, isitumike juani, na isigeuzwe kuwa sabuni ya kila wiki.

Ukimaliza hapo, nyunyizia dawa ya kuondoa chembe za chuma inayouzwa kwenye maduka ya vipuri na vipodozi vya magari. Ikikutana na chuma hugeuka zambarau na kutiririka kama maji ya zambarau mwitu, hivyo utaiona ikifanya kazi kwa macho yako. Harufu yake ni ya mayai yaliyooza; vaa glavu na usiifanyie ndani ya chumba. Isuuze kabla haijakauka. Sasa kausha sehemu ile, chukua kikombe cha maji safi na umwage taratibu. Maji yakijikusanya, utando upo. Yakitandaa hata baada ya hayo yote, basi sehemu ile utando umekwisha, na yule bwana atakuwa na haki nusu.

Udongo laini wa kusafishia rangi, ule unaofinyangwa kama ngano na kupitishwa juu ya bati, usiuguse kwa sasa. Unafanya kazi kwa kusugua, na kwenye gari jeusi utakuachia ukungu wa mikwaruzo midogo ambao utakulazimisha kupiga polishi, na polishi ndiyo inayoondoa utando kwa uhakika kuliko sabuni yoyote.

Kuhusu kuosha, tatizo lako kubwa ni ile ndoo moja. Sponji inaingia kwenye ndoo ikiwa na mchanga wa milango ya chini, inatoka na mchanga ule ule na kupanda kwenye boneti. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila baada ya kipande kimoja cha gari. Anza na rimu kwa ndoo na kitambaa chake, kwa sababu vumbi la breki lina chuma na halitakiwi kurudi kwenye rangi. Kisha suuza gari lote kwa mpira au mashine ya presha, ncha yake ikiwa mbali angalau sentimita 30, ili mchanga uondoke wenyewe kabla ya mkono kugusa chochote. Ndipo uoshe kuanzia paa, ukishuka, na sehemu za chini za milango ziwe za mwisho. Glavu ikidondoka chini, haitumiki tena siku hiyo hata kama imesuuzwa. Kijana wako ataona ni maringo, lakini umweleze sababu.

Halafu gari likaushwe. Ukikosa muda wa yote niliyoyaandika, hili usiliache. Taulo moja kubwa la maikrofaiba lenye nyuzi ndefu hulazwa juu ya boneti likiwa limetandazwa, hushikwa pembe mbili na kuvutwa kuelekea kwako, bila kukandamizwa. Utando ukiwa safi, taulo moja linatosha gari zima. Taulo hilo lifuliwe peke yake, kwa sabuni ya maji kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huzipaka nyuzi mafuta na taulo linaanza kusukuma maji badala ya kuyanyonya.

Mzee wa Nta

Vijana, mniwie radhi, mimi naandika kutoka Mombasa na nimepaka magari yangu nta tangu enzi za makabureta. Fundi ameeleza vizuri na sina ubishi na maelezo yake ya kitaalamu, ila swali langu ni kama bidhaa hii inamfaa mwuliza swali. Mtu asiye na banda, anayeosha kwa maji ya kisima, anayeegesha chini ya mwembe unaodondosha utomvu na kuvuka bahari kila siku, ameuziwa kitu kinachotaka banda, maji laini na mataulo ya aina tatu.

Nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti mmoja wa Brazili wa jamii ya mtende, huisha ndani ya wiki kadhaa katika joto letu, hilo sikatai. Lakini inapokwisha, inaondoka pamoja na uchafu wake, na mtu hupaka nyingine Jumapili baada ya chakula kwa saa moja na kopo dogo. Madoa ya chokaa hayapati nafasi ya kuzeeka. Huyu bwana angekuwa na nta, leo asingekuwa na swali.

Fundi Mng'ao

Mzee wangu, nimekusikia, na kwa sehemu nakubaliana nawe: anayejua kwamba gari lake litaoshwa barabarani kwa tambara na sabuni ya unga asinunue utando, ajiwekee fedha yake. Nimewarudisha wateja wa namna hiyo mlangoni.

Ila kwa ndugu yetu fedha imeshatoka na utando huenda upo. Pia joto la bati jeusi juani kwetu linaikaribia ile nyuzijoto 80 na ushei ambayo kanauba huyeyukia, na ndiyo sababu nta haimalizi mwezi vizuri. Akiweza kurekebisha mambo mawili tu, yaani saa ya kuosha na ukaushaji, atakuwa na kazi ndogo kuliko ya kupaka nta kila wiki ya tatu. Kama hawezi kuyarekebisha, ushauri wako ndio sahihi.

Mkaazi wa Ruwi

Assalamu alaykum. Mimi niko Maskati, asili yangu ni Unguja, na hapa magari mengi yamepakwa seramiki kwa sababu ya jua. Naomba kuongeza mawili kutokana na tuliyoyaona huku.

Kwanza ni joto. Kuanzia Mei hadi Agosti joto la kivulini hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na bati jeusi lililo juani linaweza kupita nyuzi 70. Ukilimwagia maji bati la namna hiyo, tone hukauka kabla hujafika upande wa pili wa gari. Huku tunaosha baada ya swala ya alfajiri au usiku. Maji yetu ya bomba kwa sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, kwa hiyo yana madini machache, na bado mtu akiosha mchana anapata madoa. Ndugu yangu wa Kigamboni anaosha saa nne asubuhi kwa maji ya kisima. Hata utando wa bei kubwa kuliko wote usingestahimili.

Pili ni vumbi. Kuna tabia ya kulipangusa gari kwa kitambaa kikavu kila asubuhi ili litoke likiwa safi, na nadhani Dar es Salaam pia ipo, maana nimewaona madereva wakifanya hivyo na lile fagio la manyoya. Vumbi kavu likisukumwa kwa kitambaa kikavu ni msasa. Utando mpya unaliachia vumbi lenyewe gari likishika mwendo, na linalobaki lisubiri maji. Gari jeusi lenye vumbi siku tatu ni bora kuliko gari jeusi lenye mikwaruzo ya duara inayoonekana kila taa ya barabarani inapolimulika.

Kuhusu kunguru, nawakumbuka wa Forodhani. Weka kwenye gari chupa ya kunyunyizia yenye maji na matone machache ya shampuu, pamoja na vitambaa viwili laini. Ukikuta kinyesi, nyunyizia, subiri dakika mbili tatu kilainike, kisha ukinyanyue kwa kitambaa kilicholowa badala ya kukisugua, kwa sababu mara nyingi kina mbegu na mchanga ndani yake.

Mvuka Pantoni

Wakuu, nimerudi na matokeo, na nawashukuru nyote.

Jumapili niliamka saa kumi na moja alfajiri. Kijana naye akaamka, akidhani tunasafiri. Tulichagua pembe ya boneti upande wa dereva, tukaizungushia gundi ya karatasi ya wapaka rangi ili tusidanganyane. Shampuu peke yake haikubadilisha kitu. Kitambaa cha siki nilikilaza nikihesabu hadi 60, na nilipokinyanyua, madoa mengi yalikuwa yamefifia, ingawa mawili makubwa yalihitaji kulazwa mara ya pili. Kisha nikanyunyizia ile dawa ya chuma, na hapa ndipo tulipobaki midomo wazi. Kwa sekunde chache haikutokea kitu, halafu vikaanza kujitokeza vidoti vya zambarau, kimoja kimoja, kisha kwa makumi, kama mtu aliyenyunyiza wino kwa mswaki, na vingi vilikuwa upande unaotazama ukuta wa jirani. Kijana alisema, "Kumbe geti la watu liko kwenye gari letu."

Tulisuuza, tukakausha, nikamwaga kikombe. Ndani ya mraba wa gundi maji yalijikusanya na kukimbia. Nje ya gundi, sentimita moja tu pembeni, yalitandaa kama kawaida. Nilimwaga vikombe vinne kwa furaha tu.

Siku hiyo na Jumapili iliyofuata tumesafisha boneti, milango na mlango wa nyuma, na kote huko maji yanakimbia, ingawa kwenye milango ya chini si kwa kasi ya zamani. Paa ndilo limegoma. Tumerudia hatua zote mara mbili, na nusu ya paa maji bado yanatandaa. Zile alama za kunguru hazijaondoka. Hazina uchafu tena, lakini umbo lipo, na ukitazama kwa ubavu unaona rangi imenywea pale. Je, paa nilifanyeje? Na maji ya kisima nitayakwepaje, ikiwa maji ya bomba hayafiki kwangu kila siku?

Fundi Mng'ao

Hongera, mkuu, na umpe kijana hongera zake, maana sasa ana jicho la kazi.

Kuhusu alama za kunguru, kinyesi cha ndege kina asidi, na mchana bati linapopata moto klia hulainika na kutanuka kidogo. Usiku linapopoa, klia husinyaa ikijikunja kulifuata umbo la kile kilichokauka juu yake. Unachokihisi kwa ukucha ni klia iliyoliwa na kuvutwa, na utando wa maikroni moja hauwezi kulizuia hilo kinyesi kikishinda juani. Unakupa saa chache za nafasi kuliko rangi tupu, basi. Alama hizo haziondoki kwa kuosha. Zinapunguzwa kwa polishi ya mashine, tena na mtu atakayepima kwanza unene wa rangi, kwa sababu gari lako lilishapigwa polishi mara moja hapa, na hatujui lilipigwa mara ngapi huko lilikotoka. Kama alama ni za kina, mwambie azipunguze makali tu asizifukuzie hadi mwisho, maana klia ikitoboka dawa yake ni kupaka rangi paa zima.

Paa limetangulia kuchoka kwa sababu linapigwa na jua lote la siku na ndilo linalosahaulika wakati wa kukausha, kwa vile Harrier ni ndefu na kijana haoni juu. Mnunulie kigoda. Hakuna haja ya kupaka gari zima upya. Paa linaweza kupigwa polishi na kupakwa peke yake, na kazi ya paneli moja haiwezi kuwa na bei ya gari zima. Likishapakwa, lisiguswe na maji kwa saa 24 za kwanza na lisioshwe kwa sabuni kwa wiki moja, maana utando bado unaendelea kukomaa. Katika siku hizo usivuke kwa pantoni. Zunguka kwa daraja, au uliache gari nyumbani kwa mtu mwenye banda.

Milango ya chini inayokimbiza maji polepole haihitaji kupakwa upya. Hapo itafaa dawa ya kunyunyizia yenye silika, ambayo hutumika baada ya kuosha, gari likiwa safi na la baridi: unanyunyizia kidogo kwenye kitambaa, unapaka paneli moja, unageuza upande mkavu na kupangusa mpaka ukungu uishe. Kila baada ya miezi mitatu hivi inatosha. Haichukui nafasi ya utando, inakaa juu yake na kuliwa badala yake. Usiipake juu ya madoa, kwa sababu utakuwa umeyafungia ndani.

Sasa maji. Huna haja ya maji laini kwa kazi nzima. Kisima kinaweza kutumika kusuuzia mchanga wa mwanzo na hata kuoshea, mradi gari halikauki katikati. Linalohitaji maji laini ni suuzo la mwisho, na hilo halizidi ndoo mbili ukimwaga kutoka juu kwa kikombe. Masika na vuli kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, ukiacha mvua ya dakika za mwanzo isafishe paa la nyumba kwanza, na uyahifadhi kwenye pipa lenye kifuniko. Kiangazi kuna chanzo ambacho watu hukimwaga kila siku: ule mpira mwembamba wa kiyoyozi unaodondosha maji nje ya ukuta. Maji yale ni unyevu wa hewa uliogandamana kwenye koili, hayana chokaa, na katika hewa nzito ya Dar es Salaam kiyoyozi cha chumba kimoja kinajaza ndoo kwa usiku mmoja au miwili. Yachuje kwa kitambaa tu, kwa sababu yanatoka na vumbi la ndani ya mashine.

Na siku unazotoka kwenye pantoni usisubiri Jumamosi. Chumvi ya bahari, tofauti na chokaa, huyeyuka kwa maji matupu, kwa hiyo jioni mwagia gari ndoo moja kabla ya kuingia ndani na ulipitishie taulo. Haichukui dakika kumi.

Mzee wa Nta

Maji ya kiyoyozi nimeyamwaga kwenye maua miaka ishirini. Kesho naweka ndoo. Mvuka Pantoni, paa likimalizika tuwekee taarifa hapa, hasa kuhusu zile alama mbili, kwa kuwa nami ninazo kwenye boneti na kunguru wa huku hawana adabu kuliko wa kwenu.